MOYO WAKO UKIRUKA NI "MAWAZO", WAO WAKIUGUA NI NDEGE!

NDUGU msomaji, kabla hujarukia ukurasa wa michezo kuangalia habari za Simba na Yanga, hebu weka mkono kifuani. Dunda, dunda, dunda. Safi. Lakini wapo wenzako hapo hapo kijiweni ambao wakiweka mkono wanasikia mambo mengine: dunda, dunda, du... kimya... DUNDA! Kama daladala iliyopanda tuta bila dereva kukanyaga breki. Mara moja kwa siku, mara kumi kwa saa, na usiku wakilala ubavu wa kushoto ndiyo kabisaa, hata usingizi hauji.

Kijana huyo akienda zahanati anaambiwa nini? Unajua mwenyewe. "Una mawazo, punguza mawazo." Akirudi mara ya pili, "una presha." Mara ya tatu anafungiwa vidonge kwenye kikaratasi, havina hata jina. Mara ya nne hendi tena. Anakwenda kwa mtaalamu mwenye bango kwenye nguzo ya umeme, anaambiwa katupiwa jini na baba yake mdogo. Pesa imeliwa, baba mdogo kasingiziwa, na moyo unaruka vile vile!

Punguza mawazo! Mlalahoi apunguze mawazo kwa lipi? Kodi ya chumba inapungua? Nauli inapungua? Na nani alimpima hayo mawazo, kwa mashine gani?

Sisi tunasema hivi, na tunasema kwa sauti: moyo una umeme. Umeme una njia. Hitilafu ya umeme ina mahali pake. Mahali hapo panatafutwa, panapatikana, na panatibiwa. Anayekuambia vinginevyo kabla ya kukupima anakutupia changa la macho.

MOYO UNARUKAJE?

Tuanze na darasa fupi, maana anayejua hadanganywi. Moyo wako una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vile vya chini vinaitwa ventrikali, ndivyo vyenye misuli ya kusukuma damu. Juu kulia kuna kikundi kidogo cha seli ambacho ndicho jenereta. Kinatoa cheche, cheche inashuka kwa njia maalumu hadi vyumba vya chini, misuli inajikaza, damu inakwenda. Kazi hiyo inafanyika mara 70 hivi kwa dakika. Zidisha kwa dakika 1,440 za siku nzima: mapigo 100,800. Bila likizo, bila posho, bila kuandamana.

Sasa inatokea kwamba doa dogo la seli huko chini kwenye ventrikali linaamua kutoa cheche yake lenyewe, kabla jenereta halali halijasema. Ni mapinduzi madogo! Ventrikali inajikaza kabla ya wakati, wakati haijajaa damu. Pigo hilo ni hafifu, pengine hata kwenye mkono halifiki. Kisha moyo unatulia kidogo, unajaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata linakuja na kishindo. Kile kimya ndiyo mapumziko yenyewe. Kile kishindo ndicho kinachokuamsha usiku. Hakuna jini hapo. Hakuna baba mdogo.

Na hapo hapo pana mtego. Ikiwa kila pigo moja halali linafuatwa na moja la haramu, muuguzi akishika mkono wako au akikuvalisha ile mashine ya kidoleni anaweza kuhesabu nusu tu. Moyo unapiga 80, yeye anaandika 40. Atashangaa, ataikungutia mashine mezani, atasema imeharibika. Mashine haijaharibika, ndugu. Inahesabu yale yanayofika.

USIOGOPE, LAKINI USIDANGANYWE

Hapa tunasema ukweli hata kama hauuzi magazeti. Mapigo haya ya ziada watu wengi sana wanayo. Mtu mwenye moyo mzima, mwenye machache kwa siku, kwa kawaida hayamdhuru. Wengi wanahitaji kupimwa, kuelezwa, na kurudi nyumbani kwa amani. Kwa hiyo hatusemi kila anayesikia moyo kuruka akimbilie kuchomwa. Wale wanaokushikisha kichuma mkononi na kukuambia kompyuta imeona moyo, figo, ini na nguvu za kiume kwa mpigo mmoja, kisha wanakuuzia chupa tatu za dawa, hao ni matapeli, na wewe ndiye mradi wao.

Lakini upande wa pili nao upo, na huo ndio unaofichwa. Mapigo hayo yakiwa mengi mno, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, yanaweza kuuchosha moyo wenyewe. Misuli inalegea, moyo unatanuka, pumzi inakata ukipanda ngazi, miguu inavimba. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 174. Waligundua kwamba hatari ya moyo kulegea ilionekana zaidi kwa wale ambao mapigo ya ziada yalizidi 24 katika kila mapigo 100. Aliyekuwa na machache kuliko wote kati ya wenye moyo uliolegea alikuwa na 10 katika 100.

Fanya hesabu. Mapigo 10 katika 100 ni kama 10,000 kwa siku. Mapigo 24 katika 100 ni 24,000 kwa siku. Je, kwa mkono utahesabu? Kwa kusikiliza kifuani dakika moja utahesabu? Kwa kumtazama mtu usoni na kusema "una mawazo" utahesabu?

HESABU KWANZA, POROJO BAADAYE

Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, kinachapisha karatasi ya sekunde 10 hivi. Siku ina sekunde 86,400. Ukipimwa zile sekunde 10 ambazo moyo ulikuwa umetulia, karatasi itatoka safi kama shati la Idd, nawe utaambiwa huna kitu. Hujadanganya wewe, haijadanganya karatasi. Ni kwamba mwizi hakuwa zamu.

Ndiyo maana kuna kipimo cha Holter, kidude unachovaa kifuani saa 24 au zaidi huku ukiendelea na shughuli zako. Kimepewa jina la Norman Holter wa Montana, Marekani. Mtambo wake wa kwanza, miaka ya 1940, ulikuwa mzigo wa mgongoni wenye uzito wa kilo 38 hivi, haupungui sana mfuko wa saruji. Leo unaingia mfukoni. Unavaa, unaendesha bodaboda, unabeba mizigo Kariakoo, unalala, kesho unakirudisha, na kinasema: mapigo ya kawaida mangapi, ya ziada mangapi, saa ngapi, kutoka doa moja au madoa mengi.

Kisha kuna kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kile wanachokiita eko, kama kile cha mama mjamzito. Kinaonyesha kama misuli bado ina nguvu. Na damu ipimwe: chumvi ya potasiamu, magnesiamu, homoni za tezi ya shingo, wingi wa damu. Maana hitilafu nyingine chanzo chake kiko huko, na ukirekebisha huko moyo unanyamaza.

Watakuja wale wa "acha kahawa". Sawa, tuwajibu kwa tarakimu. Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 100 wazima wa afya, waliopangiwa siku za kunywa kahawa na siku za kuacha. Siku za kahawa walikuwa na wastani wa mapigo 154 ya ziada ya ventrikali kwa siku. Siku za kuacha, 102. Kwa hiyo kahawa inaongeza, hatubishi. Lakini inaongeza hamsini hivi! Mwenye 20,000 kwa siku ukimnyang'anya kikombe na kashata yake umemtibu nini? Pombe kali, sigara, bangi, vile vinywaji vya kopo vya kukesha navyo barabarani, punguza au acha, ni vizuri kwako. Lakini asikugeuzie kibao mtu ambaye hajakupima, akakufanya wewe ndiye mkosaji wa umeme wako mwenyewe.

VIDONGE VYA KUBAHATISHA VILIVYOUA

Sasa sikiliza kisa hiki, usimulie na kijiweni.

Zamani madaktari wakubwa wa Marekani waliamini jambo lililoonekana la wazi kabisa. Mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo akiwa na mapigo ya ziada, hatari yake ya kufa ni kubwa. Basi, mpe dawa ya kuyanyamazisha mapigo hayo, ataishi. Nani angebisha? Dawa zikatolewa kwa watu wengi. Ndipo wakajitokeza watu wenye ujasiri wa kusema: tupime kwanza. Ukafanyika utafiti uliojulikana kwa jina la CAST. Wagonjwa 1,498 waligawanywa, wengine wakapewa dawa za encainide au flecainide, wengine vidonge visivyo na dawa ndani.

Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 1991. Dawa zilinyamazisha mapigo, kweli. Lakini waliokufa upande wa dawa walikuwa 63, upande wa vidonge vitupu 26. Waliokufa kwa hitilafu ya mapigo yenyewe, upande wa dawa 43, upande mwingine 16! Karatasi ilitoka safi, mgonjwa akaingia kaburini. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Hatusemi vidonge vyote ni sumu. La hasha! Ziko dawa za kutuliza moyo zinazosaidia watu kila siku, na wewe uliyepewa dawa na daktari aliyekupima usiitupe kwa sababu ya gazeti. Tunachosema ni hiki: dawa ya moyo haitolewi kwa kubahatisha. Kunyamazisha kelele siyo kutibu ugonjwa. Wanasiasa ndio wanaodhani mtu akinyamaza ameridhika.

MCHAWI ANATAFUTWA KWA RAMANI

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, kazi ambayo ukiijua hutakubali tena kuambiwa "una mawazo" bila kipimo.

Umeme ukileta hitilafu nyumbani kwako, fundi wa kweli hachomi nyumba nzima. Anafuata waya. Swichi hii inafanya kazi, soketi hii inafanya kazi, ahaa, hapa! Anapakaza hapo tu. Ndivyo wanavyofanya mafundi wa umeme wa moyo.

Hatua ya kwanza ni ile karatasi. Kipimo cha umeme wa moyo kina mistari 12, kila mmoja ni jicho linalotazama moyo kutoka upande wake. Cheche ikija kuelekea jicho, mstari unapanda. Ikikimbia jicho, mstari unashuka. Kwa hiyo daktari anayejua kusoma akiona pigo la ziada limepanda juu kwenye mistari inayotazama kutoka miguuni, anajua cheche imeanzia juu ya ventrikali na inashuka. Akiona mstari wa kwanza wa kifuani umeshuka, anashuku upande wa kulia. Ukipanda, upande wa kushoto. Kabla hajamgusa mgonjwa kwa sindano, tayari anajua mtaa, bado nyumba namba ngapi. Mtaa maarufu kuliko yote kwa watu wenye moyo mzima ni pale ventrikali ya kulia inapotolea damu kwenda mapafuni, chini kidogo ya vali.

Hatua ya pili ni kuingia ndani. Na hapa tumkumbuke kijana mwenzetu. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana aliyeitwa Werner Forssmann alitaka kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni. Mkubwa wake alimkataza. Forssmann akaupitisha kwenye mkono wake mwenyewe, akatembea na mrija ukiwa ndani hadi chumba cha eksirei, akapiga picha kuthibitisha kwamba umefika. Alipuuzwa miaka mingi. Mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wakubwa wakikukataza kufikiri, kumbuka Eberswalde.

Leo mrija huo, katheta, unaingizwa kwenye mshipa wa kinena. Unachomwa ganzi hapo tu, mara nyingi uko macho, maana dawa nzito ya usingizi inaweza kuyanyamazisha yale mapigo yanayotafutwa. Katheta inapanda hadi chumba cha juu kulia, inavuka vali, inaingia ventrikali. Ncha yake inasikia umeme. Daktari anaigusisha hapa, anasoma. Anaisogeza milimita chache, anasoma tena. Anatafuta nini? Anatafuta mahali ambapo cheche inasikika mapema kuliko kwingine kote, hata mapema kuliko pigo lenyewe kuonekana kwenye karatasi. Tofauti ni milisekunde 20, 30. Sekunde moja ikatwe vipande elfu, yeye anapigania vipande thelathini! Anayesikika wa kwanza ndiye aliyeanzisha.

Tangu mwaka 1997 dunia inajua mtambo unaochora jambo hili kama ramani. Sumaku hafifu chini ya kitanda inatambua ncha ya katheta iko wapi, na kompyuta inajenga picha ya moyo kwa rangi, mahali pa mwanzo kabisa panaonekana pekundu. Kisha unafanyika mtihani wa kuthibitisha: daktari anatoa cheche ndogo ya kutengeneza kutoka hapo hapo kwenye ncha. Pigo linalotokea likifanana na lile la haramu kwenye mistari yote 12, basi, mchawi amekamatwa. Si kwa ramli. Kwa ushahidi!

MOTO WA MILIMITA CHACHE

Kuunguza kwa katheta kulianza kwa vishindo. Mwaka 1981 Melvin Scheinman na wenzake huko San Francisco walitumia shoti ya umeme mkubwa kupitia katheta kukata njia ya umeme ndani ya moyo bila kupasua kifua. Baadaye ukaja umeme wa mawimbi ya redio, mpole na wa kudhibitika. Ncha ya katheta inapasha joto misuli iliyoigusa. Ikizidi nyuzi 50 hivi, seli za hapo zinakufa na kugeuka kovu lisilopitisha umeme. Kovu lenyewe ni la milimita chache. Doa lililokuwa linafanya mapinduzi linakwisha, jenereta halali linarudi madarakani. Mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani kesho yake.

Inafanya kazi? Mwaka 2014 zilichapishwa takwimu za wagonjwa 330 kutoka China, wote wenye mapigo ya ziada kutoka ule mtaa maarufu wa ventrikali ya kulia. Nusu walichomwa kwa katheta, nusu walipewa vidonge. Baada ya mwaka mmoja, mapigo yaliwarudia 19.4 katika 100 ya waliochomwa. Waliopewa vidonge? 88.6 katika 100! Na mwaka 2007 watafiti wa Michigan walieleza habari za wagonjwa 22 waliokuwa na moyo uliolegea pamoja na mapigo mengi ya ziada. Baada ya kuunguzwa, 18 kati yao nguvu za moyo zilirudi kawaida ndani ya miezi 6. Umesoma vizuri? Moyo uliokuwa umelegea ulirudi! Mwaka 2022 chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya kiliandika katika mwongozo wake kwamba, kwa mwenye dalili na chanzo kikiwa pale pa kutolea damu upande wa kulia, kuunguza kwa katheta ndiyo tiba ya kwanza. Ya kwanza, siyo ya baada ya miaka kumi ya kupigwa danadana.

Hatari zipo, na asiyekuambia ni mwongo. Kinena kinaweza kuvuja damu. Ukuta wa moyo unaweza kutobolewa na damu ikaubana moyo. Njia halali ya umeme inaweza kuguswa, ukahitaji betri ya moyo. Upande wa kushoto kuna hatari ya kiharusi. Matatizo makubwa yanawapata wachache, lakini yapo, na mahali pengine ndani ya moyo ni pagumu kufika kuliko pale kulia. Kwa hiyo kazi hii inafanywa na waliosomea, penye timu ya upasuaji jirani. Siyo ya kila chumba chenye bango.

WAO WANAPANDA NDEGE

Sasa swali la mwananchi: haya yote ni ya nani?

Waafrika tumewaona wakubwa zetu. Rais Michael Sata wa Zambia alifariki London mwaka 2014. Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria alikaa London kwa matibabu zaidi ya siku 100 mfululizo mwaka 2017, na London ndiko alikofia mwaka 2025, akiwa rais mstaafu. Robert Mugabe, aliyetawala Zimbabwe miaka 37, alifia Singapore mwaka 2019. Mungu awarehemu wote. Hatucheki maiti. Tunauliza swali: miaka yote hiyo ya kushika funguo za hazina, mbona hawakujenga hospitali ya kuwaaminisha wao wenyewe?

Na wala siyo kwamba hawakuahidi. Aprili 2001 wakubwa wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakatia saini kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Zaidi ya miaka 20 imepita, na nchi nyingi za Afrika hazijalifikia lengo hilo. Mashangingi yalifikia lengo. Semina zilifikia lengo. Posho zilivuka lengo. Moyo wako ndio unasubiri.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa miaka mingi mgonjwa wa moyo wa Tanzania alisubiri rufaa ya India, na mlalahoi asiye na mjomba wizarani alisubiri hadi akafa. Mwaka 2015 ilianza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na imeingia hata katika kazi hii ya umeme wa moyo, mtambo wa kuchora ramani ukiwemo. Nairobi nako ipo. Madaktari na wauguzi wetu wanaofanya kazi hiyo tunawavulia kofia. Hilo lenyewe linathibitisha hoja yetu: akili tunazo, mikono tunayo, nyumbani inawezekana!

Lakini jengo moja Dar es Salaam siyo huduma ya nchi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kijana wa Kigoma atajuaje kwamba anahitaji safari hiyo ikiwa hakuna aliyehesabu mapigo yake? Hapo ndipo ulipo ujanja wote, ndugu msomaji, ufungue macho. Kisichopimwa hakihesabiwi. Kisichohesabiwa hakimo kwenye takwimu. Kisichokuwemo kwenye takwimu hakiombewi bajeti. Kisha mheshimiwa anasimama na kusema "wagonjwa wa namna hiyo ni wachache". Ni wachache kwa sababu umewaandika "mawazo", mheshimiwa!

MADAI YETU

Kwa hiyo tunadai, na tunadai bila kupiga magoti.

Moja: kila hospitali ya mkoa iwe na vipimo vya Holter vinavyofanya kazi, siyo vilivyofungiwa stoo. Kidude kinachoingia mfukoni siyo cha kusubiri mfadhili. Uliza hospitali ya mkoa wako: mnavyo vingapi? Vizima vingapi?

Mbili: mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vizuri. Sasa mbunge wako akusomee kitita cha mafao mstari kwa mstari. Holter imo? Eko imo? Kuunguza kwa katheta kumo, na kwa mchango wa nani? "Kwa wote" maana yake pamoja na yule anayeuza maji kwenye foleni.

Tatu: bei ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa tarakimu. Mgonjwa asiambiwe bei dirishani kwa kunong'onezwa.

Nne: wasomeshwe wataalamu, madaktari na mafundi wa mitambo, na wakirudi walipwe waishi, wasije wakaondoka tena. Mtambo bila fundi ni kabati la bei mbaya.

Tano: fedha za kuwapeleka wakubwa nje zitangazwe hadharani kila mwaka. Nani, wapi, kiasi gani. Kodi ni yetu, risiti tuione.

NA WEWE?

Wewe nawe usikae kusubiri ruksa. Moyo ukiruka, andika: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, mara ngapi. Ukienda hospitali usiombe dawa, omba kipimo. Uliza maswali haya, kwa heshima lakini bila woga: Karatasi ya umeme wa moyo inasema nini? Nivae Holter lini? Mapigo ya ziada ni mangapi katika 100? Yanatoka doa moja au mengi? Misuli ya moyo ina nguvu kiasi gani? Na kama ni mengi, nipelekwe kwa nani anayejua umeme wa moyo? Karatasi zako zote tunza, ni mali yako.

Na ukianguka na kuzimia, hasa ukiwa unacheza mpira au unakimbia, au una maumivu ya kifua, au ndugu yako wa damu alikufa ghafla akiwa kijana, hapo hakuna cha kuandika daftarini wala kusubiri Jumatatu. Hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenzako akikuambia moyo wake unaruka, usimcheke, usimwite mwoga. Msindikize.

Mtu akikuambia tena "ni mawazo tu", mjibu: sawa mkubwa, inawezekana, lakini nipime kwanza. Saa 24, kidude kimoja, tarakimu moja. Kama ni mawazo, karatasi itasema, nami nitakwenda kulala. Kama siyo mawazo, tafuta doa, nionyeshe liko wapi.

Kudai hivyo siyo uasi wala siyo jeuri. Ni kifua chako, na ni kodi yako.

Kazi kwako!